Gamba, radula au vinasaba: umtambue vipi konokono mdogo wa baharini?

Konokono mkubwa wa baharini ukimtafuta kwenye kitabu cha picha, kwa kawaida unampata. Ukimtafuta wa milimita 3, unakutana na wengine chungu nzima wanaofanana naye, kila mmoja na jina lake, na picha isiyokuonyesha kile hasa unachotaka kukiona. Tena hawa wadogo si wachache. Utafiti wa Koumac, New Caledonia, visiwa vilivyoko Bahari ya Pasifiki, uliochapishwa mwaka 2002, ulihesabu spishi 2,738 za moluska (konokono, chaza na jamaa zao) katika eneo la kilomita za mraba 295 tu, na takriban theluthi moja ya hizo hata wakikomaa hawavuki milimita 4 na kidogo.

Njia kuu za kumtambua ni tatu: kulisoma gamba lake, kumpasua ili uone meno na viungo vyake, au kusoma vinasaba. Wapo wanaoapa kwa moja na kuzibeza nyingine. Mimi naona kila moja ina mahali inapong'ara na mahali inapodanganya, na kwamba sehemu kubwa ya uchaguzi hufanyika mapema kuliko watu wanavyodhani, yaani kabla konokono hajafa. Namna unavyomuua na kumhifadhi ndiyo inayokuachia njia wazi au kuzifunga.

Gamba

Ukiwa na gamba tupu lililookotwa mchangani, hakuna cha kuchagua: soma gamba. Ni hivyo hivyo ukitaka kulinganisha konokono wako na vielelezo vya zamani vilivyoko makumbusho, kwa kuwa vingi vya karne ya 18 na 19 ni magamba matupu, mwili ulishaoza zamani. Njia hii haihitaji maabara wala haiharibu kitu. Inahitaji hadubini ya mezani, mwanga unaotoka ubavuni, na subira.

Anza na upande. Shika gamba ncha ikiwa juu na mdomo ukikutazama. Mdomo ukiwa kulia, gamba limezunguka kulia, kama ilivyo kwa konokono walio wengi. Ukiwa kushoto, orodha yako imepungua ghafla. Kwa magamba membamba marefu yenye mistari ya vishanga, mdomo wa kushoto karibu kila mara unakupeleka familia ya Triphoridae. Ndugu zao wa sura, Cerithiopsidae, wana vishanga vilevile na wanakula sifongo vilevile, ila mdomo wao uko kulia. Lakini ukifanya kazi kwa picha uliyotumiwa, uliza kwanza kama haijageuzwa. Baadhi ya simu huipindua picha ya kamera ya mbele kama kioo, na konokono wa kawaida kabisa akaonekana ni wa ajabu.

Kisha nenda kwenye ncha. Hapo ndipo penye utajiri kuliko sehemu nyingine yoyote ya gamba, na ndipo wanaoanza wanapoparuka haraka. Ile mizunguko ya mwanzo kabisa, protokonki, ni gamba ambalo konokono alikuwa nalo utotoni, na kwa kawaida kuna mstari au badiliko la nakshi linaloonyesha lilipoishia na gamba la ukubwani lilipoanzia. Hesabu mizunguko yake na utazame ukubwa wa chanzo chake. Mizunguko mingi yenye chanzo kidogo inaashiria kiluwiluwi aliyeelea baharini akila kwa muda. Mzunguko mmoja au miwili minene, yenye chanzo kikubwa, inaashiria mtoto aliyetegemea akiba ya yai: ama alitoka akiwa tayari anatambaa, ama aliogelea kwa muda mfupi. Magamba mawili ya watu wazima yanaweza kufanana kwa kila kitu, ukakuta yametofautiana hapo tu, na tofauti hiyo ikatosha kukuambia kwamba mkononi una spishi mbili.

Mfano ulio wazi zaidi ni familia ya Pyramidellidae. Wengi wao, hasa jenasi ya Odostomia, ni vigamba vyeupe laini vya milimita chache ambavyo kwa haraka unaviweka pamoja na Rissoidae, familia nyingine ya konokono wadogo. Ukuze ncha. Kwa Pyramidellidae protokonki imelala kiubavu, wakati mwingine imezama nusu ndani ya mzunguko unaofuata, na imezunguka upande wa kinyume na gamba lingine lote. Ongeza mkunjo kama jino kwenye mhimili, ndani kidogo ya mdomo, na umemaliza kazi bila kugusa kemikali yoyote.

Tatizo ni kwamba ncha ndiyo hutangulia kusagika. Konokono aliyeishi kwenye mawimbi au gamba lililobiringishwa mchangani mara nyingi halina protokonki ya kusomeka, na hapo umepoteza nusu ya ushahidi. Sehemu zinazobaki, yaani rangi, unene, urefu wa mnara (mizunguko iliyo juu ya mdomo), upana wa mdomo, ndizo hizohizo zinazoyumba kulingana na mahali konokono alipokulia.

Littorina saxatilis wa fukwe za miamba za Atlantiki ya Kaskazini ndiye aliyewasumbua wataalamu kwa hili kuliko wengi. Alielezwa na Olivi mwaka 1792, na tangu hapo amepewa makumi ya majina na watu walioamini wameona spishi mpya. Kwenye pwani ya Uswidi, wanaoishi kati ya kaa ni wakubwa, gamba nene na mdomo mdogo. Wale wa mwamba unaopigwa na mawimbi, mita chache tu kutoka hapo, ni wadogo, gamba jembamba na mdomo mpana unaotoa nafasi kwa mguu mkubwa wa kung'ang'ania. Hao wote ni spishi moja. Sasa geuza upande wa pili: Littorina arcana, aliyetenganishwa rasmi mwaka 1978, ana gamba ambalo huwezi kulitofautisha kwa uhakika na la saxatilis, na wanaishi ufuko mmoja.

Meno na viungo

Radula ni utepe wa meno ambao konokono hukwangulia au kukatia chakula. Uzuri wake kwa mtambuzi ni kwamba mpangilio wa meno unafuata ukoo. Konokono wengi wa kundi la Caenogastropoda wanaokula mwani, wakiwemo Littorinidae na Rissoidae, wana meno 7 kwa kila safu. Wawindaji wa kundi la Neogastropoda kwa kawaida wana 3 au pungufu. Columbellidae, ambao magamba yao madogo huchanganywa na ya familia jirani, wana jino la kati ambalo ni bamba tupu lisilo na ncha. Ukiliona hilo huna haja ya kubishana tena kuhusu familia. Na kukosekana kwa radula nako ni jibu: Pyramidellidae hawana, kwa sababu wananyonya viumbe wengine, na wengi wa Eulimidae hawana, kwa kuwa wanaishi kwa kuwanyonya jongoo bahari, viti vya pweza na jamaa zao.

Kuipata si kazi kubwa, ila inataka mkono uliotulia. Kichwa kinaloweshwa kwenye myeyusho wa potasiamu haidroksaidi, nyama inayeyuka, radula inabaki kwa kuwa ni ya kaitini. Kwa konokono wa milimita 3, kinachobaki ni kiuzi ambacho hakifikii hata milimita moja, karibu kisichoonekana majini, kikielea pale ambapo hukitarajii. Weka karatasi nyeusi chini ya kisahani, tumia sindano nyembamba ya wadudu, na usiipumulie. Hadubini ya kawaida na rangi kidogo vinatosha kuhesabu kama meno ni 7 au 3. Kulinganisha umbo la ncha za meno kati ya spishi na spishi ni habari nyingine, hapo unahitaji hadubini ya elektroni.

Nionavyo mimi, radula inasifiwa kupita kiasi kwenye ngazi ya spishi. Konokono wa jenasi ya Lacuna wamethibitishwa kubadilisha umbo la meno yao kulingana na chakula. Aliyehamishwa kutoka kwenye mwani mkubwa kwenda kwenye nyasi bahari anaota meno mapya yaliyo butu badala ya yaliyochongoka, maana radula huzalisha safu mpya maisha yote. Kwa hiyo tofauti ndogo ya ncha kati ya konokono wawili kutoka mazingira mawili haitoshi kuwa hoja. Kwa familia na jenasi, iamini. Kwa spishi, itafutie shahidi wa pili.

Viungo vya uzazi ndivyo vinavyotoa ushahidi mkali. Rudi kwa wale mapacha wawili wa Littorina. Mpasue jike aliyekomaa. Akiwa saxatilis, utakuta mfuko umejaa vitoto vyenye magamba yao tayari, kwa kuwa huwabeba mpaka watoke wakitambaa. Akiwa arcana, mahali hapohapo kuna tezi ya ute, kwa kuwa yeye hutaga mayai yakiwa ndani ya ute kwenye mwamba. Dakika moja, jibu limepatikana. Madume yao ndiyo yanayokwamisha, hayatenganishiki kwa uhakika. Kwa jozi nyingine ya ukoo huo, Littorina obtusata na Littorina fabalis, mambo yamegeuka: dume ndiye anayejibu. Uume wa fabalis una ncha ndefu na tezi chache. Wa obtusata una ncha fupi ya pembetatu na tezi nyingi.

Masharti yake ni makali lakini. Konokono lazima awe amekomaa, wa jinsia inayofaa, na asiwe na minyoo ya trematodi, ambayo huharibu viungo vya uzazi na kuufanya uume usinyae. Mtoto wa milimita 2 hakusaidii kitu kwa njia hii.

Vinasaba

Hapa kwa kawaida inazungumziwa jeni moja ya mitokondria, COI, kipande chenye herufi 658 hivi. Vianzilishi vyake, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili wake, vilichapishwa na Folmer na wenzake mwaka 1994, na mwaka 2003 Hebert na wenzake wakapendekeza kipande hicho kitumike kama msimbo wa kutambulisha wanyama wote. Nguvu yake iko pale njia nyingine zinapokata tamaa: yai, kiluwiluwi, mtoto asiye na sura bado, gamba lililosagika ambalo ndani yake bado mna nyama. Mara nyingi ndiyo njia inayotegemeka zaidi ya kumuunganisha kiluwiluwi aliyenaswa kwenye wavu wa planktoni (viumbe vidogo vinavyoelea majini) na mama yake anayeishi chini ya jiwe.

Watu hudhani vinasaba vinatoa jina. Vinatoa mfuatano wa herufi. Jina linatoka kwenye hifadhidata, GenBank au BOLD, ambako mtu mwingine aliweka mfuatano wake na jina alilolipata, mara nyingi, kwa kutazama gamba. Alikosea yeye, unakosea wewe, tena ukiwa na mfanano wa asilimia 99 wa kujivunia. Kabla ya kuamini, angalia kama mfuatano huo una kielelezo kilichohifadhiwa kwenye makumbusho kinachoweza kukaguliwa upya, na kama kuna mifuatano mingine ya spishi hiyo kutoka kwa watu tofauti inayokubaliana nao.

Ukamilifu wa maktaba ndio unaoamua kila kitu. Kauri, kete wale wanaong'aa, walipimwa na Meyer na Paulay mwaka 2005 kwa zaidi ya konokono 2,000, kundi ambalo magamba yake yanafahamika kuliko karibu kundi lolote la konokono wa baharini. Spishi zote zikiwemo kwenye maktaba, makosa ya utambuzi yalikuwa karibu asilimia 4. Walipojaribu kutumia kiwango kimoja cha tofauti kuamua nani ni spishi mpya, katika hali ya maktaba pungufu, makosa yakapanda mara kadhaa. Na hao ni kauri! Kwa familia za konokono wa milimita 3, maktaba kamili ni jambo la nadra. Mara nyingi jibu la kompyuta ni jirani wa karibu zaidi aliyeko kwenye hifadhidata, ambaye anaweza kuwa wa jenasi nyingine kabisa.

Halafu kuna spishi ambazo COI yenyewe haizitenganishi. Saxatilis na arcana wanashirikiana aina zilezile za DNA ya mitokondria, ama kwa sababu wametengana karibuni, ama kwa kuchanganyika, au yote mawili. Maabara nzima inashindwa kujibu swali ambalo mfuko wa vitoto unalijibu mezani. Dawa yake ni kuongeza jeni za kiini, kama 28S au histoni H3, au kwenda kwenye jenomu nzima, na hapo gharama na utaalamu vinapanda.

Usumbufu mmoja wa kimaabara: ute. Konokono wamejaa polisakaridi, sukari za minyororo mirefu, ambazo hung'ang'ania DNA na kuzuia PCR, yaani mmenyuko wa kuzidisha nakala za DNA. Sampuli ikigoma mara ya kwanza, usikimbilie kusema DNA imeoza. Isafishe upya DNA hiyo au izimue zaidi, mara nyingi inakubali.

Basi uchague ipi?

Kama lengo ni kuorodhesha waliopo katika eneo, na una mamia ya vielelezo, gamba ndilo la kuanzia na huenda likawa ndilo la kumalizia kwa wengi wao. Panga kwa sura, kisha toa wawili watatu katika kila fungu kwa ajili ya vinasaba. Kupeleka maabara kila kitu kisichopangwa ni sawa na kupima homa ya umati badala ya kuuliza nani anaumwa.

Kama una kundi moja ambalo magamba yake yanabadilika badilika na hujui lina spishi ngapi ndani yake, vinasaba vinatangulia, na gamba linasomwa upya baadaye kwa jicho linalojua cha kutafuta. Alama ambazo hukuziona mwanzoni hujitokeza pale unapojua nani ni nani.

Kama swali ni la familia, radula au protokonki inamaliza mapema na kwa bei ndogo kuliko COI, ambayo kwa mahusiano ya mbali ni dhaifu kwa vile herufi zake hubadilika haraka. Kama mkononi una jozi inayofahamika kuwa ni mapacha, soma kwanza ni kiungo gani kinachowatenganisha. Usinunue jibu la mashine kabla hujajua kama mashine inaweza kulijibu.

Na kama una kielelezo kimoja tu, usilazimike kuchagua. Kipige picha pande zote, pamoja na ncha. Mwili ukitolewa mzima, umeng'enywe kwa proteinase K, kimeng'enya kinachovunja protini: DNA inabaki kwenye maji, radula inabaki chini ya kijibomba, gamba lipo salama pembeni. Ukilitumbukiza gamba pamoja na mwili, kumbuka kwamba EDTA, kemikali iliyomo kwenye miyeyusho mingi ya kuchujia DNA hula kalisi, na protokonki nyembamba ndiyo itakayoumia kwanza.

Kutambua ni kimoja, kuainisha ni kingine

Baada ya kujua ni nani, kuna swali la awekwe wapi, na hapo mambo yamebadilika sana. Lile kundi kubwa la Prosobranchia lililojaza vitabu vya zamani limeachwa, kwa kuwa halikuwa ukoo mmoja. Uainishaji wa Bouchet na Rocroi wa mwaka 2005, uliorekebishwa 2017, ndio wengi wanaoufuata, na mabadiliko ya kila siku yanafuatiliwa kwenye sajili za WoRMS na MolluscaBase. Pyramidellidae wamo sasa ndani ya kundi la Heterobranchia, karibu na ukoo wa konokono wasio na gamba kuliko na Rissoidae wanaofanana nao. Ile protokonki iliyozunguka kinyume ni alama ya Heterobranchia. Gamba lilikuwa linasema kweli muda wote, sema halikupewa uzito.

Unapoandika jina, mabano yana maana. Littorina saxatilis (Olivi, 1792) yana mabano kwa sababu Olivi mwenyewe alimweka kwenye jenasi ya Turbo. Littorina arcana Hannaford Ellis, 1978 hana mabano kwa kuwa bado yuko kwenye jenasi aliyozaliwa nayo. Kama huna uhakika, andika cf. ("linganisha na") kabla ya jina la spishi au ishia kwenye sp. (spishi isiyotajwa jina); orodha yenye "Odostomia sp. 3" iliyopigwa picha vizuri ina thamani kuliko yenye jina kamili la kubahatisha. Na ukiamini ni spishi mpya, kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hazidai DNA wala picha ya hadubini ya elektroni. Zinadai maelezo ya kuitofautisha, uchapishaji halali, na kielelezo cha msingi kilichotajwa bayana. Wahakiki wa majarida watakudai hayo mengine.

Kabla hajafa

Konokono akishtuka hujifungia ndani na kuziba mlango kwa kifuniko chake. Ukimtumbukiza hivyo kwenye ethanoli, dawa haifiki ndani, na baada ya wiki chache una gamba zuri lenye nyama iliyooza. Kwa anatomia, mlegeze kwanza kwa magnesi kloraidi iliyochanganywa na maji ya bahari mpaka atoke na asirudi akiguswa. Kwa DNA, maji ya moto kwa sekunde chache au maikrowevu hulegeza misuli, mwili ukavutika nje mzima, kisha ethanoli ya asilimia 95 au 96, na uibadilishe baada ya siku moja. Fomalini inafaa kwa viungo lakini inaharibu DNA, na isipopunguzwa asidi inaanza kula gamba lenyewe.

Magamba makavu usiyaweke kwenye droo za mwaloni wala kwenye karatasi zenye asidi, mvuke wake huota unga mweupe juu ya gamba na kufuta nakshi. Lebo iandikwe kwa penseli na iingie ndani ya chupa pamoja na konokono, kwa sababu wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwenye ethanoli na lebo ya nje hubanduka. Iandike mahali, kina, tarehe, alikuwa juu ya nini, na alihifadhiwa kwa dawa gani.